Muulize wa Kitanda cha Pili

Muuguzi Ernesta Ndayikeza alikuwa na mdomo, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Hospitalini kwao Kibondo walimwita Mama Fomu, kwa sababu ya zile fomu za njano za kuripoti madhara ya dawa. Wenzake walizifungia vitumbua, yeye alizijaza.

Kujaza hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumpata mgonjwa atakayekubali kwamba dawa imemdhuru. Watu wa huku wamelelewa vizuri kupita kiasi. Mtu akikupa kitu, kumwambia kimekukera ni kukosa adabu, hata kama kimekuotesha vipele mwili mzima. Unamuuliza mgonjwa, "Dawa inakusumbua?" Anajibu, "Nzuri sana, Mungu awabariki," huku anajikuna. Ernesta alihangaika nao mwaka mzima, mpaka akagundua njia: usimuulize mtu habari zake, muulize za jirani. Hapo adabu yote kwisha.

Asubuhi hiyo Esteri Ininahazwe, mkulima wa Kitahana, alikuwa aruhusiwe kwenda nyumbani na vidonge vya salfa vya siku saba zaidi. Daktari Majaliwa, aliyehamishwa kutoka Tanga na ambaye hajaacha kulalamikia baridi, alishashika kalamu.

"Unajisikiaje, mama?"

"Urakoze, dokta. Nimepona," Esteri alishukuru, midomo haifunguki vizuri.

Ernesta akageukia kitanda cha pili. "Anifa, huyu mwenzako vipi?"

Anifa alikuwa akisubiri swali hilo tangu jana. "Huyu? Mdomo umechubuka wote ndani! Mkishapita tu, vidonda vinamliza. Na mgongoni ana malengelenge, mfunueni muone!"

Wakamfunua. Ngozi ilikuwa imeanza kubabuka. Daktari akaweka kalamu chini, akanong'ona, "Sista, ukiandika itaonekana mimi ndiye niliyempa."

"Si ndiye wewe uliyempa? Fomu haiulizi kosa la nani, inauliza dawa gani. Angeendelea kumeza hadi Jumapili, tungejaza cheti cha kifo."

Salfa ikasimamishwa palepale, dripu ikatundikwa, fomu ikajazwa. Esteri akamshika Ernesta mkono, machozi yakimtoka.

"Nisamehe, sista. Mmenitunza vizuri. Niliona aibu kuisema vibaya dawa yenu."

Ernesta alipandwa na hasira mpaka akatamani kumtikisa. Mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, afe kwa heshima!

Siku nne Esteri alilala hajiwezi, na Ernesta hakuweza kukaa nyumbani hata siku yake ya mapumziko. Alikuja, akamtazama, akamgombeza Anifa bila sababu, akarudi. Siku ya tano Esteri aliketi mwenyewe, akaonja uji aliopewa na Ernesta, akakunja uso.

"Sista, uji wenu huu mbaya."

Ernesta aliacha trei hapohapo, akakimbia korido nzima kumwita daktari aje asikie.