Namba Tano Yenye Mabwana Wawili

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Bukavu. Ukitaka kucheka, cheka ukimaliza kusoma. Mimi ni fundi wa kompyuta Kadutu, na watu wanaoona pepo kwenye kila waya nawadharau tangu zamani.

Parokia moja ilikuwa na kompyuta kuukuu iliyohifadhi orodha ya ndoa, kwa kuwa kitabu chenyewe kilishaozeshwa na mvua. Printa yake ilianza kuchapa peke yake, kila mara ukurasa uleule. Wanamaombi wakainyunyizia chumvi na maji ya baraka. Maji, juu ya umeme. Niambie, hapo mwenye wazimu ni mashine?

Ugonjwa niliujua. Waliotengeneza chipu, ule ubongo wa kompyuta, waliipa kila ishara namba, na ishara namba tano wakaiwekea kazi ya kulalamika programu ikivuka mpaka wa nafasi yake. Waliotengeneza kompyuta, kwa kiburi chao, wakaipa namba hiyohiyo kazi ya kuchapa kilichopo kwenye skrini. Mstari mmoja wa ndoa ulizidi kipimo. Kila programu ilipoufikia, chipu ililalamika kwa namba tano, na printa ikachapa. Pepo gani hapo?

Nikiwa nimeinama kazini, mzee mwenye koti la kahawia akawa amesimama kando yangu. Sikusikia mlango.

"Fundi, ule mustari iko ndoa yangu," akasema. "Binti yangu anakuja lundi. Bila karatasi ya kuonyesha nilioa mama yake, baba zake wadogo watamunyanganya shamba ya Kavumu. Umuachie moja tu."

"Papa, mambo ya karatasi uone maman secrétaire," nikamjibu bila kugeuka. Nikaufuta ule mstari, nikaipanga diski upya, nikachana karatasi zote zilizokwisha chapwa. Printa ikanyamaza. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Maman secrétaire, katibu wa parokia, aliyekaa mlangoni muda wote, akaniambia hakuna aliyepita. Nikamcheka na yeye.

Lundi hiyo, yaani Jumatatu, binti akaja na picha ya marehemu baba yake, aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Amini usiamini, ni yule mzee, na koti ni lilelile. Nikaipekua diski siku tatu, sikupata hata herufi moja ya ule mstari.

Shamba limekwenda kwa baba zake wadogo. Binti sasa anauza maharagwe soko la Kadutu, na kila nikipita ananisalimu kwa heshima kama mjomba wake: "Tonton, ile karatasi ilishaonekana?"

Kwa hiyo wewe mjuaji mwenzangu, kabla hujafuta kosa, soma kwanza limeandika nini. Mambo ya pepo siyajui. Najua tu kwamba shamba la yule binti nililipoteza mimi, na kazi yenyewe niliifanya vizuri.