Kasuku wa Foronya

Juzi nilirudi Ngarenaro kwenye msiba, binti wa mwenye nyumba akanitandikia kitanda. Foronya ilikuwa imedariziwa kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, katua kwenye tawi lenye maua. Rafiki yangu, sikuweza kuulalia mto ule. Kazi ya mkono wa bibi naijua popote.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Asubuhi bibi alidarizi barazani, chai ya tangawizi pembeni, baridi ya Meru ikituuma vidole. Maharusi walizigombania foronya zake, hata mke wa Bwana Shauri, yule mtawala wa Kizungu wa wilaya, aliagiza. Kasuku mwenyewe alining'inia juu yetu kwenye tundu la waya. Babu alimleta kutoka Ujiji, akamfundisha maneno yake ya kila jioni: "Mama watoto, chai ipo?" Babu alipofariki, kasuku aliendelea kuuliza kwa sauti ile ile nzito. Na bibi aliitika, "Ipo, baba watoto."

Kisha ndege akaanza kujinyonyoa. Alianza kifuani. Bibi aliokota manyoya sakafuni, akayalinganisha na nyuzi zake apate rangi yenyewe.

Jirani akamwambia, "Shoga, mfungulie angali na mabawa. Mungu anakuona."

"Nikimfungulia, nani ataniita?"

Hadi masika yanaisha, kasuku alikuwa mtupu kama kuku wa kuchemsha, na kwenye kitambaa alizidi kunawiri. Nikamuuliza bibi mbona tundu halidarizi. Akacheka. "Nani atalalia tundu, mjukuu wangu?" Alimpenda yule ndege, siwezi kusema hakumpenda, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ukungu uliposhuka kutoka mlimani, alimshonea koti la flana. Kasuku akalirarua lote. Asubuhi moja tukamkuta amelala chini ndani ya tundu, amekauka. Jirani alimzika nyuma ya migomba.

Jioni ile bibi hakuinuka kuinjika chai. Alikaa tu. Kwa kumwonea huruma nikakohoa kidogo, nikaiga sauti ya babu: "Mama watoto, chai ipo?"

Aliinua uso upesi, umejaa furaha, kisha akaona ni mimi.

"Usirudie tena," akasema, akajifunika kanga.

Sikurudia. Bibi naye alishatangulia, na baraza ile imevunjwa. Siku hizi, nikiwa peke yangu, hujaribu kuitoa sauti ya babu. Haiji. Tuliobaki nayo tulikuwa watatu, na mimi niliye hai nimeisahau.