Leso Ndani ya Piano

Nitawaambia ukweli, ingawa bado naona haya. Miaka tisa nilipiga piano katika kanisa letu dogo karibu na mtaa wa Buxton, hadi miezi michache kabla ya Krismasi moja ya miaka ya tisini akaja Dama, binti kutoka mtaa wa Makupa, akapewa piano, kwaya nzima ikawa inamsifu yeye tu. Wivu ulinikaba. Asubuhi ya sikukuu niliwahi kanisani, nikaisokomeza leso ya mke wangu kwenye nyuzi za piano ili Dama aaibike.

Ibada ilipoanza, Dama akasimama. "Leo namwomba Bwana Charo atupigie. Mimi nimejifunza kwa kumsikiliza."

Nikaketi, nikabonyeza. Piano ikaguna kama mtu aliyezibwa mdomo. Mchungaji akainua kifuniko, akaivuta leso mbele ya wote.

"Baba Katana," mke wangu akaniuliza, "si ndiyo niliyokuwa nikiitafuta asubuhi?"