Akaunti Moja kwa Tovuti Mbili

Nilikuwa nakunywa chai nyumbani kwangu mtaani Chemchem, mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Ipole aliponipigia simu. Tovuti niliyowatengenezea imebadilika, alisema. Palipokuwa na picha za mizinga sasa kuna maandishi mekundu ya lugha asiyoijua.

"Tumekosea wapi?" aliuliza.

Nikamwambia hawajakosea. Nilipokata simu nilikimbilia kompyuta.

Sikuogopa kwa ajili ya asali. Kwenye seva iliyohifadhi tovuti yao, niliyoisimamia peke yangu, nilikuwa nimeweka pia mfumo wa zahanati moja ya mjini, wenye majina ya wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Skripti, yaani programu ndogo, za pande zote mbili ziliendeshwa kwa akaunti moja ya mtumiaji. Aliyeingia kwa wafuga nyuki angeweza kusoma ya zahanati bila kuulizwa. Nilijua tangu mwanzo, nikawa nasema nitazitenganisha nikipata nafasi.

Niliitoa seva mtandaoni, nikasoma kumbukumbu zake mstari kwa mstari. Mvamizi alipitia fomu ya kupandishia picha kwenye tovuti ya wafuga nyuki. Kisha akaorodhesha mafaili ya zahanati. Kama aliyafungua, sikuweza kujua.

Nikaenda kwa muuguzi mkuu wa zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

Nilipomweleza alivua miwani. "Wameyaona majina?"

"Sijui, mama. Huenda."

"Humo yumo mdogo wangu," akasema. "Nenda karekebishe. Kisha tutamwambia mganga mfawidhi, mimi na wewe."

Nilifungua akaunti mbili, kila skripti iendeshwe na mtumiaji wake. Halafu nikaandika skripti upande wa wafuga nyuki ijaribu kufungua faili la zahanati. Likafunguka. Nilikuwa nimesahau kufunga ruhusa za folda. Nilipozifunga nikajaribu tena, ikakataliwa. Nikarudia mara nne, siamini.

Mganga mfawidhi aliamua wagonjwa waambiwe, mmoja mmoja. Siku ya kliniki nilikaa kwenye benchi la korido iwapo mtu angetaka maelezo. Kila mlango ulipofunguka niliangalia chini. Mwanamke mmoja alisimama mbele yangu, akaniuliza kama ni mimi niliyeusimamia mfumo. Nikasema ndiyo. Akanitazama, kisha akaenda zake.

Majina hayajaonekana popote mpaka sasa. Bado nayatafuta mtandaoni kila wiki.