Mshelisheli wa Orvil

"Mwachie mbuzi huyo, Leebert."

"Simwachii. Mtu hajafa, mnamchinjia nini?"

"Nani kakwambia hajafa? Wewe ndiye uliyemwua."

Hata mbuzi alinyamaza, na mbuzi yule alikuwa na mdomo kuliko mke wa mchungaji. Leebert alikuwa ameikanyaga kamba kwa mguu. Mas Cleve, aliyekuja na kisu alichokinoa tangu asubuhi, alikuwa amekaa juu ya ndoo, anatazama mawingu kama vile anayauza. Miss Ottie, mama yake Leebert, alisimama mlangoni kwake na gauni lake jeusi, mikono kiunoni. Mimi, jirani yao, nilikuwa kwenye jiko la uani nakaanga samaki wa matanga.

"Mama, watu watasema nini? Watasema Leebert kamzika kaka yake mzima mzima."

"Waseme. Nimewachosha na maneno yale yale miaka yote, wacha wapate mapya."

"Miss Zett, mwambie basi!"

"Mimi nakaanga samaki," nikamjibu. "Wakiungua, wageni nitawakaangia wewe."

Mwenye matanga yale ni Orvil, mtoto wa kwanza wa Miss Ottie. Alizaliwa siku ya kimbunga kile kilichong'oa paa la kanisa letu kikalitua juu ya baa, na wanywaji wakanywa wiki nzima chini ya msalaba wasijue. Kitovu chake kilipodondoka, mama yake alikizika nyuma ya nyumba akapanda mshelisheli juu yake. Hapa kwetu Jamaika ndivyo tunavyofanya, kila mtoto na mti wake. Leebert alipandiwa mnazi. Ukaja ugonjwa wa minazi, mnazi wake ukapukutika kichwa ukabaki nguzo, na Leebert mwenyewe akazidi kunenepa. Lakini hilo ukimtajia Miss Ottie anakuuliza kama umeshakula.

Orvil alikua kijana mrefu, mcheshi, mvivu kidogo. Akaenda Amerika na wenzake kuchuma matofaa mashambani. Msimu ulipokwisha wenzake walirudi na majokofu na viatu vya watoto. Yeye hakupanda basi la kurudi. Alipiga simu Krismasi moja, akasema kuna baridi, na baada ya hapo hakusema tena kitu.

Basi Miss Ottie akahamia kwa mti. Alikuwa akifua mashuka ya hoteli mpaka vidole vyake vikapinda kama vibanio, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alizunguka nyuma kuutazama. Mti kijani, Orvil mzima. Mwaka ambao haukuzaa, alilalamika kwamba mwanawe ana njaa. Upepo ulipovunja tawi, alilifunga kwa shuka la hoteli, fundo na kamba, akaniambia, "Zett, Orvil kavunjika mkono." Na mti ule ukaponya tawi! Niliuona kwa macho yangu, lile tawi likawa nene kuliko mengine, likazaa mashelisheli makubwa kama vichwa vya wajukuu zangu, na wajukuu zangu wana vichwa.

Wenye kilima, watu wa utalii, walikuja baadaye. Walitandaza nyaya kutoka barabarani hadi kileleni. Waya mmoja una viti vya watu wawili wawili, unakwenda polepole ili mgeni aione bahari vizuri. Nyaya nyingine ni za kuteleza: unafungwa mikanda, unaning'inizwa kama nyama buchani, unasukumwa, unapiga kelele mpaka mwisho. Viti vinapita juu ya uwanja wa Miss Ottie. Nimewajua wageni wengi kwa nyayo tu. Kuna mmoja aliangusha meno yake ya bandia kwenye sufuria yangu ya wali wa maharage, na wali ukapungua kabla sijaupakua.

Leebert alipata kazi huko. Yeye ni mdakaji. Anasimama kwenye jukwaa la mwisho, mgeni anapokuja mbio kwenye waya anavuta kamba ya breki, na breki ikichelewa anaweka kifua. Kifua chake kimepigwa na wageni kuliko ngoma ya kanisani. Kazi hiyo ndiyo inayowalisha mke wake na watoto wake, na mama yake pia tangu vidole vilipokataa kufua.

Sasa mshelisheli haukujua habari za viti. Ukapanda tu. Majani yakaanza kuwapapasa wageni miguu. Msimamizi wa kilima, bwana mmoja Haddow, akamwita Leebert akamwambia mti ule uondoke, na kama hauondoki, aondoke yeye. Mpaka wa kilima unapita kati ya nyumba na mti ule, kwa hiyo kwa karatasi zao mti ni wa kilima. Leebert hakubisha. Kwa mama yake nako hakusema. Alichofanya ni kungoja ile siku ambayo hakuna meli ya watalii bandarini, siku ambayo wafanyakazi huruhusiwa kuwaleta wazee wao nusu siku, wapande viti, wale chakula cha mchana kileleni, wacheke, warudi. Akamwambia mama yake, "Mama, maisha yako yote uko chini ya kilima hiki, twende ukakione kwa juu."

Miss Ottie akavaa kofia ya harusi. Nami nikabebwa, maana hapandi kitu bila mimi.

Walikaa kiti cha mbele, yeye na mwanawe. Mimi na Mas Cleve tukakaa cha nyuma yao. Tulipofika juu ya miti niliiona Kuba, na huko Kuba nilimwona mwanamume anakunywa kahawa na shati halijafungwa vifungo. Mas Cleve akasema mimi mwongo. Nikamwambia avae miwani.

Tulipita juu ya uwanja wa Miss Ottie. Mshelisheli ukatupapasa nyayo, na Miss Ottie akainama akachuma jani moja, akacheka kama msichana, akalichomeka kwenye kofia. "Orvil kanisalimia," akasema. Leebert alikuwa anatazama mbele. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho na upepo ulikuwa wa baridi.

Kumbe alikuwa amepatana na wakata miti waliojificha kwenye kichaka na msumeno wao wa injini. Patano lenyewe: viti vikisimama, jueni wazee wote wamefika juu, kateni. Yeye angekuwa kileleni na mama yake, ngoma zinapigwa, asisikie kitu.

Ila mbele yetu alikuwamo Mchungaji Bembridge. Kiti chake kilipofika juu akaogopa kushuka. Akalikumbatia lile pau la kiti kwa mikono na miguu, akaanza kuomba kwa sauti. Vijana wakamvuta, asitoke. Wakazima mashine.

Viti vikasimama. Tukaning'inia pale, tumeupita mti kidogo tu, na chini yetu msumeno ukaanza kulia.

Miss Ottie aligeuza shingo. Leebert akamziba macho kwa kiganja chake, kiganja kile kikubwa cha mdakaji, kikafunika uso wote hadi kidevuni. Miss Ottie naye hakuutoa mkono ule. Alikaa hivyo hivyo amezibwa, anasikiliza. Mti wa shelisheli ni laini, hauchukui muda. Mimi niliutazama kwa niaba yake. Ulitoa utomvu mweupe kama maziwa ya mama, ukainama upande wa nyumba kana kwamba unataka kuingia ndani, halafu ukaanguka. Lile tawi lililoponywa ndilo lililovunjika mwisho.

Mashine ikawashwa. Kule juu Miss Ottie alikula. Alikula mchuzi wa mbuzi, akala na wangu, akapangusa mdomo. Kisha akasema, "Sirudi kwa viti. Viti vinapita pale."

"Mama, hakuna njia nyingine ya kushuka ila nyaya za kuteleza."

"Basi nifungeni."

Wakamfunga mikanda juu ya gauni, kofia ngumu juu ya kofia ya harusi. Leebert akatangulia kila waya ili amdake yeye mwenyewe, hakukubali mdakaji mwingine amguse. Wageni hupiga kelele kwenye nyaya zile. Miss Ottie alikuja kimya, wima, mikono kifuani kama maiti aliyekwisha kufungwa. Mimi nilikuwa namfuata, nikipiga kelele za watu wawili. Kwenye jukwaa la mwisho breki ilichelewa, akampiga Leebert kifua kwa mwili wake wote, wakaanguka pamoja mbaoni. Nilifika wakiwa bado chini. Alikuwa anamwambia sikioni, taratibu:

"Tunamfanyia matanga. Hesabu siku tisa tangu leo."

Ndiyo maana siku ile ya tisa mbuzi alikuwa kwenye kamba, na mafundi wa dhumna walikwisha kukaa chini ya turubai wanapiga meza, na ramu nyeupe ilikuwa imeshamwagwa mlangoni kidogo, kwa heshima ya Orvil.

"Mnazi wangu ulikufa, Mama!" Leebert alikuwa anapiga kelele sasa. "Ulikufa ukaoza, na mimi huyu hapa! Kama mti ndio mtu, mimi ni nani?"

"Una hakika upo?" mama yake akamwuliza. "Mtu mzima, unamdanganya mama yako kwa kumpeleka matembezi."

"Wangenifukuza kazi."

"Najua."

"Watoto wangu..."

"Najua, Leebert! Ungeniambia ningeushika ule msumeno mwenyewe."

Miss Ottie aliketi kwenye ngazi, akaivua kofia akaitia mapajani. Jani bado lilikuwamo, limekuwa kahawia.

"Kila asubuhi natoka pale nyuma," akasema, "nautazama, kijani. Sina ruhusa ya kulia. Wamama wenzangu wana makaburi, wanakwenda, wanapalilia, wanarudi wanakula. Mimi nina mti unaning'ong'a: kijani, kijani. Ulipoanguka nilisema, asante Mungu, sasa niacheni. Halafu wewe unanikatalia mbuzi."

Leebert alitazama mguu wake juu ya kamba. Akauondoa. Mas Cleve akaja na kisu, akamchukua mbuzi nyuma ya nyumba bila kumtazama mtu.

"Twende tukageuze godoro," Miss Ottie akasema.

Siku ya tisa marehemu huja kuaga. Jua likishainama anaingia, anatafuta kitanda chake, kwa hiyo lazima uligeuze godoro na usogeze kabati, asikijue chumba, aende zake moja kwa moja. Na akija husema neno lake mara mbili tu. Mara ya tatu pumzi haimtoshi. Basi mtu yeyote akikusemesha kutoka langoni jioni ile, unafunga mdomo. Akisema mara ya tatu, ni mtu, mkaribishe. Ukijibu kabla, umemfungulia mzuka na hatoki tena. Babu yangu alimjibu mmoja mara ya pili, na mzuka ule ulikaa kwetu mpaka ukawa na kiti chake mezani.

Chumba cha Orvil dirisha lake linatazama uani, kwa hiyo niliwaona vizuri. Leebert alishika upande wa kichwani, mama yake upande wa miguuni. Godoro lilikuwa na shimo la mtu mrefu katikati, halijalaliwa miaka na shimo halijajaa. Walilisimamisha. Nyuma ya godoro lililosimama nikasikia kitu nilichokuwa sijakisikia tangu siku ya ile simu ya Krismasi: Miss Ottie analia, kwa sauti nene, kama anakokota kitu. Na Leebert anasema, "Lia, Mama. Lia tu," naye analia.

Nikageuza samaki. Moshi ukaniingia machoni, nikageuza uso upande wa lango.

Mtu alikuwa ameshaingia. Mwembamba, mabega yamekuja mbele, suruali imeshikwa kwa mkono maana haina mkanda, viatu havina kamba, na mkononi mfuko wa plastiki unaoona hadi ndani: mswaki, soksi, shati. Mifuko ya namna hiyo hupewa wanaotolewa jela ya Amerika na kushushwa na ndege huku. Nywele zilikuwa na mvi. Hakututazama. Alipita kando ya turubai, wacheza dhumna wakiwa wameinua mikono na vipande hewani, akaenda hadi nyuma ya nyumba, akasimama juu ya kisiki. Utomvu ulikuwa umekauka juu yake kama nta ya mshumaa.

"Nimepita barabarani kwenda na kurudi," akasema, "sikuijua nyumba." Kisha akapandisha sauti: "Nani kaukata mti wangu?"

Kule dirishani godoro likaanguka. Leebert akatokea, na mama yake kando yake, nyuso zao zimelowa. Mas Cleve alikuwa amesimama na kisu kinachuruzika damu. Pua ya mtu yule ilikuwa pua ya Miss Ottie, ila wafu nao huja na pua zao.

"Nani kaukata mti wangu?"

Leebert akafungua mdomo. Miss Ottie akamziba kwa kiganja, akakaza vile vidole vyake vilivyopinda, akainua kichwa, akaingoja ya tatu.