Maji ya Watu wa Nyumbani

Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa mizuka. Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimewakata alama wanafunzi walioandika "inasemekana" bila kutaja nani kasema. Hapa nasema mimi. Nilikuwepo, sikuwa nimelewa, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa alasiri, Busasamana, mvua ikiwa imekatika punde tu.

Kilichonipeleka huko ni kitabu. Naandika kitabu kuhusu mito ya wilaya yetu ya Rubavu, hapa Rwanda, kitabu ambacho hakuna aliyeniomba. Mto Sebeya una sura yake ndefu, kwa kuwa Sebeya haikubali kusahauliwa; masika ikichachamaa inaingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Lakini ukipanda kuelekea volkano, mito inakwisha. Si kwamba mvua hainyeshi. Inanyesha mpaka unachoka. Ila ardhi ya kule ni mawe meusi yaliyotapikwa na milima, yana matundu kama mkate, na maji yakishuka hutembea kidogo juu ya ardhi kisha yanazama. Kwa hiyo Busasamana, iliyoko huko juu, niliipa nusu ukurasa.

Mama yangu ndiye aliyeukataa nusu ukurasa huo. Alizaliwa huko, akakimbia na wazazi wake nyumba zilipoanza kuchomwa, akiwa na miaka saba, akakulia upande wa Kongo, akanizaa huko. Tuliporudi Rwanda alikaa Gisenyi mjini, saa moja tu kwa pikipiki kutoka alikozaliwa, na hakupanda huko hata mara moja. Mwaka nilioandika ukurasa huo alikuwa kitandani, moyo umechoka. Nilimsomea nikitarajia sifa.

"Papa," akaniambia, maana ndivyo alivyomwita mwanawe mwenye mvi, "weye unasema kule hakuna mto? Kulikuwa kagezi yetu. Maji yake iko baridi mpaka meno inalia."

Kagezi ni kijito, kwa Kinyarwanda. Nikamwuliza kiliitwaje.

"Jina ya nini? Ilikuwa moja tu." Akageukia ukuta. "Dada yangu mukubwa alienda kuteka maji pale, ile siku ya kukimbia. Watu wakashuka na moto. Baba akasema twende, atatukuta mbele. Hakutukuta. Niletee ile maji, papa. Niko na kiu yake."

Nilijua kwamba kulikuwa na dada. Zaidi ya hapo sikujua, wala sikuwahi kuuliza. Watoto wa wakimbizi hujua mapema ni maswali gani yanayowanyamazisha watu wazima katikati ya chakula.

Basi nikapanda, chupa tupu ndani ya mfuko wa kompyuta. Dereva wa pikipiki, mtu wa makamo kama mimi lakini mwenye akili, alinicheka njia nzima. "Mzee, mto gani? Sisi huku tunakunywa maji ya mabati!" Alimaanisha mvua wanayoikinga kwenye paa. "Ama weye iko mupelelezi? Sema tu, mi sitakuuza." Barabara ilipoishia kwenye mashamba ya viazi, alikaa chini ya mkaratusi akatoa simu yake. "Bon. Mi nabaki hapa. Ukipata mto, uipige picha."

Nilitembea kama nusu saa katikati ya kuta za mawe. Ukungu ukashuka. Na ndani ya ukungu ule akatokea msichana wa miaka kumi na saba hivi, kitambaa kimefungwa begani, miguu mitupu, kichwani kibuyu juu ya ngata ya nyasi.

Kibuyu! Wewe mara ya mwisho umemwona lini mtu akiteka maji kwa kibuyu? Huku kila mtu ana dumu la njano. Nikajiambia kwamba huyu ni wa kikundi cha ngoma, wale wanaowachezea watalii kwenye hoteli za ziwani, na nikafurahi kwamba vijana wanaenzi utamaduni. Ndiyo, nilifikiri hivyo, kwa maneno hayo hayo. Usomi ni ugonjwa.

Nikamwamkia, nikamwuliza kama kuna kijito karibu. Alinijibu kwa Kinyarwanda cha bibi zetu, kila neno limevaa vizuri. "Kipo, baba. Nifuate, lakini nina haraka."

Alikanyaga mawe yale makali kama mtu anayetembea juu ya mkeka. Na kweli, niamini, kijito kilikuwepo. Chembamba, upana wa hatua moja, kikishuka katikati ya mawe na kujisemea. Nikasimama pale. Nina miaka hamsini na mbili, nimeishi katika miji minne, na siku zote nilipoulizwa kwetu ni wapi nilijibu kwa hotuba. Pale ningejibu kwa kidole. Nikamwona mama akiwa mdogo, amechuchumaa ukingoni. Hujawahi kupatamani mahali ambapo umekwisha kufika? Mimi nilipatamani huku nimesimama juu yake.

Msichana akajaza kibuyu, akanitazama. "Unafanana na watu wa kwetu," akasema. Akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili. "Kunywa."

Sasa usikie upumbavu wangu. Kwetu Rwanda anayempa mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Ukimbizini wageni wetu walikuwa wachache na vinywaji vichache zaidi, hivyo desturi hii niliijua zaidi kutoka vitabuni. Niliwahi hata kuitolea mhadhara wa saa mbili. Nikaona nimepata nafasi ya kuonyesha kwamba mimi ni Mnyarwanda kamili. Nikatabasamu, nikamwambia, "Onja kwanza, binti yangu, kama desturi inavyotaka."

Mikono yake ikarudi nyuma. Hakukasirika. Uso wake ulifungwa tu, kama duka.

"Kumbe wewe ni mgeni," akasema. "Mtu wa nyumbani hawezi kuniomba nimwonjee. Haya ni maji ya watu wa nyumbani, baba. Tunasafiri leo." Akakirudisha kibuyu kichwani. "Hata zamu haikuwa yangu. Mdogo wangu amesema tumbo linamuuma. Anadanganya, namjua, lakini bado mdogo."

Akaingia kwenye ukungu akitembea upesi, kuelekea Kongo.

Mimi ni mtu wa kufikiri polepole, ndiyo kazi iliyonilisha. Nywele ziliposimama, alikuwa amekwisha kupotea. Nikapiga kelele, "Mama mkubwa!" Nikakimbia, nikaanguka, nikapiga kelele tena. Babu mzima akimwita msichana mama mkubwa! Hakuitika. Labda hakujua kwamba ni yeye anayeitwa. Alipotoka nyumbani asubuhi ile ya kukimbia, hakuwa bado mama mkubwa wa mtu yeyote.

Nilirudi kwenye kijito nichote angalau chupa moja. Nilikuta mawe yaliyolowa. Nikaweka sikio chini, nikasikia maji yakipita ndani, mbali sana.

Nilikuwa nimeamua kumwambia mama kwamba sikuona kitu. Lakini aliitazama chupa tupu, akayatazama magoti yangu yaliyochubuka, nikajikuta nimesema yote. Nilipofika kwenye ile habari ya tumbo, akaikamata shuka.

"Nani alikuambia ile ya tumbo?"

"Yeye, mama."

"Ile sikuambia mutu. Hata baba yako. Hata padri." Akaiachia shuka. Kisha akauliza kwa sauti ya mtoto, "Alikuwa na hasira, papa?"

"Hapana, mama. Alikuwa na haraka."

Akalia. Halafu, katikati ya machozi, akanipiga begani kwa ule mkono usio na nguvu. "Na we ukamuambia aonje! We na masomo yako yote!" Na akacheka, naapa, akacheka huku analia, nami pia.

Alifariki kiangazi kilichofuata, kabla sijamletea hata tone. Ila aliniachia ujumbe wa kupeleka, na kila masika mvua ikikatika napanda Busasamana na ujumbe huo. Nimepata ukungu, nimepata kikohozi. Yule dereva hacheki tena. Ananisubiri kimya chini ya mkaratusi. Kitabu kimesimama hapo hapo, na sidhani kitaendelea.

Kwa hiyo wewe, ukipita kule juu baada ya mvua, na msichana mwenye kibuyu akakunyooshea maji kwa mikono miwili, nakuonya, usilete elimu yako. Usiulize kitu. Pokea, kunywa, kisha umwambie kwamba watu wa nyumbani walifika, wote, na kwamba yule mdogo aliomba msamaha hadi siku ya mwisho. Mwambie atue kibuyu, apumzike.

Hilo ningelifanya mwenyewe, ila mimi hanijii tena. Nilikwisha kumwonyesha kwamba mimi ni mgeni.