Paka wa Jicho Moja na Kengele ya Kanisa

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi aliyejulikana mpaka Lweba. Lakini mtu akifika Baraka na kuuliza njia ya kwake, watu walimwambia aende tu mpaka asikie paka. Jambo hilo lilimuuma sana, naye alinikumbusha karibu kila jioni.

Sikuanza kwa huruma, nilianza kwa hasira. Ufukweni, pale wanawake walipoanika ndagala, samaki wao wadogo, mchangani, paka waliiba mchana kweupe, na dawa yao ilikuwa moja: gunia, jiwe, ziwa. Siku moja nilikutana na gunia linalolia. Nikampokonya aliyelibeba, nikalifungua uani kwangu, wakatoka watatu. Hapo hapo nikatangaza, bila kumwuliza mtu, kwamba kwangu paka hauawi. Masika yalipofika walikuwa kumi na wanne.

"Mama," mume wangu akaniambia, akimtoa mmoja ndani ya kofia yake, "mi nilioa muke moya."

Basi nikaanza kuwatafutia makwao. Kwa kuwalisha nilikuwa na janti, ule mduara wa chuma wa gurudumu, ya kamyo moja, lori bovu lililofia njia ya Lulimba. Nilikuwa nimeitundika mtini. Nikiigonga mara tatu, paka wote walikuja mikia juu, nami nikawamwagia matumbo ya samaki. Mtu aliyetaka paka nilimkalisha mkekani kama mchumba, nikamwuliza ni wa ukoo gani, analala saa ngapi, na hasira zake zikoje. Mume wangu alisema yeye mwenyewe hakuulizwa hata nusu ya hayo. Mfugaji mmoja wa ng'ombe alishuka kutoka milimani, nikamwuliza paka wangu atakula nini kwake. "Maziwa," akasema. Sikuwa na swali lingine. Nilimpa wawili, na angenikaribisha na mimi ningeenda.

Kila paka aliondoka kwa desturi yetu. Alifungwa ndani ya kitu asione njia, na akifika kwa mwenyeji wake mpya alipakwa mafuta mekundu ya mawese miguuni. Akimaliza kuilamba miguu yake amekwisha sahau alikotoka, na hapo anahesabiwa kuwa wa nyumba ile. Hakuna mtu aliyepoteza mawese kwa paka asiyetaka kukaa naye.

Waliolewa wote, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa dume la jicho moja, sikio limeliwa, na tabia yake ilikuwa mbaya kuliko sura. Wachumba wakimwona waliaga. Mimi nilimpenda kuliko wote, nadhani kwa sababu tulifanana hasira. Yeye alipenda ndagala za jirani yangu, mama mmoja mjane, mkubwa kwangu, mwenye sauti ya kufikisha habari ng'ambo ya ziwa.

"Muke wa fundi!" alinijia siku moja, kapu tupu mkononi. "Ile paka yako ya jicho moya imekula tena ndagala yangu! Mi naapa mbele ya Mungu, nikiishika naitia mu gunia, naitupa mu ziwa!"

"Mama, ndagala iko mingi."

"Iko mingi sababu mi njo nilianika, hapana paka yako!"

Alhamisi ya wiki ile nikagonga janti, na wa jicho moja hakuja. Nikagonga mpaka mume wangu akaziba masikio. Kisha nikaona, kwenye ua wa jirani, gunia limeanikwa linadondoka maji. Nilikaa chini nikamlilia paka yule kama ndugu, na tangu siku hiyo sikumsalimia mama yule. Alisema "Jambo" mara ya kwanza, akasema mara ya pili, nami nikapita. Kwetu hilo si jambo dogo.

Jumamosi mzee wa kanisa akaja. Kengele yao imepasuka, na Jumapili wanapokea mgeni mkubwa wa kuhubiri; je, ningewaazima janti yangu? Nilifurahi kuheshimiwa. Nikaitoa, nikaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Sikufikiria jambo lolote zaidi ya hapo.

Jumapili tumeketi, mgeni amesimama mbele, mzee nje, juu ya mnara wa kengele, akagonga mara tatu, na mlio ukafika ambako wa uani kwangu haukuwahi kufika.

Walikuja kutoka Baraka nzima. Walipita mlangoni, wakapita madirishani, mikia juu, wakawa wanazungukazunguka miguuni pa mgeni wakidai matumbo ya samaki. Nyuma yao wakaingia wenyeji wao mbio, wengine ambao kanisa halijawahi kuwaona. "Ule iko yangu!" "Hapana, yangu iko na doa!" Mume wangu alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Wa mwisho aliingia polepole, kama mwenye kanisa. Alikuwa na jicho moja, na tumbo lake lilikuwa limejaa. Kila alipokanyaga sakafu ile nyeupe iliyotoka kupigwa chokaa aliacha alama nyekundu ya mawese mapya. Alama zikapita benchi langu bila kusimama, zikaenda mpaka kwa jirani yangu, na dume lile likaruka likakaa mapajani pake, juu ya kitambaa chake kizuri cha Jumapili.

"Mama," mzee akauliza, "ile paka ni ya nani?"

Jirani yangu alitazama paa.

"Iko yangu," akasema. "Panya wananimaliza, njo naifungia mu nyumba. Na ilikojoa mu gunia yangu, nikafua. Kuko neno?"

Nililia palepale, kwa furaha na kwa aibu, kwa zile "Jambo" mbili nilizoziacha chini. Mgeni alidhani ameanza vizuri, akapandisha sauti.

Ibada ilipokwisha nikamfuata jirani yangu nje, nikapiga magoti kumwomba msamaha. Hakunipa nafasi. Paka alikuwa begani kwake, akimpaka mawese shingoni.

"Jambo, muke wa fundi," akasema.

"Jambo, mama."

"Kesho naanika. Uje unisaidie kufukuza zile paka zingine."